Makala yanavunjika kabla ya kufika motoni: tunaomba kipimo, hatuombi karatasi



Tuanze na aibu yetu wenyewe. Mwaka uliopita tulikuwa sita, wote na diplome, wote bila kazi. Tukachanga franga zetu tukaanza kutengeneza makala ya vumbi. Wengi mnayajua: unaokota vumbi linalobaki chini ya saki za mama wauza makala, unalichanganya na uji wa mihogo, unalikandamiza ndani ya kopo, unaanika juani. Kwenye kalkili yetu ilikuwa biashara safi. Vumbi ni la bure, mihogo iko, jua liko, na watu wanapika kila siku. Tulifanya kazi wiki tatu kwenye lopango ya mzazi wa mmoja wetu, kule Mangobo. Tukajaza saki nane, tukaita watu wa toleka, tukapeleka sokoni.

Tulipofungua saki ya kwanza, ndani mlikuwa vumbi. Lile lile tulilookota, sasa limeongezewa unga wetu wa mihogo. Saki ya pili vilevile. Mama mmoja aliyekuwa ametupa vumbi lake mwezi huo alicheka mpaka akakaa chini. Akasema: «Watoto ya iniversite, mumenirudishia vumbi yangu?»

Tulijiuliza kosa liko wapi. Uji ulikuwa mwepesi? Tulianika haraka mno? Kopo halikukandamiza vizuri? Au ni barabara ile yenye mashimo? Kila mmoja alikuwa na jibu lake na wote tulikuwa tunabahatisha, kwa sababu hakuna siku hata moja tuliyopima kama kipande kimoja kinaweza kubeba uzito gani, au kinaweza kuanguka mara ngapi kabla ya kupasuka. Watu sita wenye diplome, na hatukuwa na kipimo hata kimoja. Tulipoamua kutafuta labo, ofisi moja ya Leta ilituambia tuandike barua, tulipe pesa ya faili, turudi wiki ijayo. Tulirudi mara tatu. Mara ya nne tulibaki nyumbani.

Biashara ilikufa, lakini swali halikufa. Tukaanza kuangalia saki ambayo kila nyumba ya mji huu inanunua, ile ya makala ya kawaida, ya miti. Hiyo nani anaipima?

Kisangani inapika kwa makala. Hatuhitaji kueleza sana. Barrage ya Tshopo ni ya tangu wakati wa ukoloni, ina mashine tatu, na kartie nyingi umeme unakuja kama mgeni, unasalimia na kuondoka. Basi asubuhi na jioni ni mbabula. Na makala tunanunua kwa saki au kwa fungu, si kwa kilo. Saki ni mfuko tu, haiwezi kuwa kipimo. Saki moja ya makala ya limbali, mti mgumu, mzito, itapika sombe na fufu siku nyingi. Saki hiyo hiyo ikijazwa makala ya kombokombo, mti mwepesi ambao mtoto anaweza kubeba gogo lake begani, itakwisha haraka. Kwa macho zote mbili ni saki, na bei ikifanana, mnunuzi hajui amenunua nini mpaka makala yafike kwenye mbabula.

Kuna na shida ya pili ambayo watu hawaiongei: nguvu. Si nguvu ya moto, bali nguvu ya kipande chenyewe kutovunjika. Makala yanatoka barabara ya Buta, barabara ya Ituri, barabara ya Lubutu, upande wa Opala mpaka Lubunga kisha yanavuka mto kwa pirogi. Yanapakiwa, yanashushwa, yanatupwa, yanakaliwa. Kila hatua inayasaga. Kinachofika chini ya saki ni vumbi, na vumbi halipiki: linaziba hewa kwenye mbabula na kuua moto. Wewe umelipa. Mama muuzaji naye amelipa, kwa sababu yeye alinunua saki nzima, lakini sokoni anaweza kuuza vipande tu. Na msitu umelipa kabla yetu wote. Kwenye tanuru la udongo kama yale ya kwetu, kilo 100 za mti mkavu mara nyingi zinatoa chini ya kilo 20 za makala. Ukipoteza tena sehemu moja ya kumi ya hayo kuwa vumbi, katika kila miti kumi iliyokatwa kuna mmoja uliokatwa ili ujaze mtaro wa soko.

Kusema ukweli, mama wauza makala ndio labo ya kwanza ya mji huu. Ukimwuliza mmoja wao pale soko kuu, anachukua vipande viwili, anavigonganisha, anasikiliza. «Hii iko nguvu, mtoto yangu, sikia inalia kama chuma. Ile ingine inalia kama boksi.» Na ana haki. Makala yaliyoiva vizuri, ya mti mzito, yaliyochomwa polepole, yanatoa mlio mkali na hayachafui sana mkono. Yaliyochomwa haraka na mti ungali mbichi yanajaa nyufa, kwa sababu maji na moshi vimetoka kwa nguvu na kupasua mti kutoka ndani. Mama anajua haya yote kwa sikio. Lakini sikio lake haliwezi kuandikwa, haliwezi kupelekwa kwa muuzaji wa jumla na kumwambia: rudisha pesa yangu.

Sasa, wengine watasema: vijana, mambo ya kupima nguvu ya makala ni ya wazungu wasio na kazi. Hapana. Watu wamefanya hivyo zamani, na si kwa mchezo.

Angalieni makaa ya mawe, ndugu wa makala yetu, yale yanayochimbwa ardhini. Hata Kongo yako: Luena kule Haut-Lomami, na Lukuga karibu na Kalemie. Katika mgodi wa chini ya ardhi, wachimbaji wanaacha nguzo za makaa yenyewe ili zishike paa. Nguzo ikiwa dhaifu, paa linashuka. Tarehe 21 Januari 1960, kwenye mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo zilivunjika moja baada ya nyingine na wafanyakazi zaidi ya 430 wakabaki chini. Wengi walikuwa watu weusi waliotoka Lesotho na Msumbiji kutafuta mshahara. Maiti zao hazikutolewa mpaka leo. Ni baada ya hapo ndipo wataalamu walilazimika kuuliza kwa ukali: hivi makaa haya yana nguvu gani hasa?

Na hapa kuna jambo ambalo lilitushangaza sana tuliposoma. Jibu la labo lilikuwa la kudanganya. Ukikata kijiwe kidogo cha makaa ya mawe, ukakiweka kwenye mashine ya kukandamiza, kinaonekana na nguvu kubwa. Ukichukua kikubwa zaidi, nguvu inashuka. Kikubwa zaidi tena, inashuka tena. Bieniawski, aliyepima vipande vikubwa ndani ya migodi yenyewe, aliona nguvu inaendelea kushuka mpaka kipande kikifika upana wa karibu mita moja na nusu. Sababu ni nyufa. Kijiwe kidogo ni kile kilichobaki baada ya nyufa zote kukimbia. Kubwa linabeba nyufa zake zote. Ndiyo maana Salamon na Munro, mwaka 1967, hawakutegemea vijiwe vya labo peke yake. Walihesabu nguzo za kweli: 98 zilizosimama na 27 zilizoanguka, wakatafuta hesabu inayotenganisha hizi na zile. Hesabu yao ilitumika kwa miaka mingi katika migodi ya huko.

Somo hilo tunalitaka kwetu pia, kwa sababu tunajua namna mambo yanavyoenda hapa. Atatafutwa profesa, atapewa kipande kizuri kilichochaguliwa na mkono, kitakandamizwa kwenye mashine, na ripoti itasema makala ya Tshopo yako imara. Kipande kilichochaguliwa ni kile kilichonusurika. Makala yana tabia nyingine tena: ukiyakandamiza kufuata nyuzi za mti yanavumilia sana, ukiyakandamiza kwa ubavu yanapasuka haraka. Kipande kimoja kinaweza kukupa majibu mawili, na mwenye mayele atachagua lile linalompendeza. Kwa hiyo tunasema: labo ndiyo, lakini pamoja na saki nzima, kama ilivyofika sokoni, na vumbi lake ndani.

Njia ya kupima saki nzima iko, na si ya ajabu. Kwa makaa ya mawe, Waamerika wana kipimo cha kuangusha: kilo karibu 23 zinaangushwa mara mbili kutoka urefu wa mita 1,83, yaani urefu wa mwanaume mrefu, juu ya bamba la chuma, halafu unachekecha na kupima kimebaki nini. Kwa koki, yale makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa ili kuyeyushia chuma, wana pipa la kuzungusha: kilo 50 ndani ya pipa lenye upana wa mita moja, mizunguko 100, mizunguko 25 kila dakika. Kisha unauliza maswali mawili: ngapi zimebaki kubwa kuliko milimita 40, na ngapi zimekuwa ndogo kuliko milimita 10? Kipimo hicho kinaitwa Micum, na jina linatoka kwenye tume ya Wafaransa na Wabelgiji waliokalia bonde la Ruhr mwaka 1923, wakidai Wajerumani walipe fidia ya vita. Ndiyo, Wabelgiji hao hao wa Stanleyville. Yaliyokuwa makaa yao, walitaka yajulikane yanavunjika kiasi gani. Kule Brazil, ambako viwanda vya Minas Gerais vinayeyusha chuma kwa makala ya miti, nguvu ya kipande ni swali la kila siku, kwa sababu makala dhaifu yanasagika chini ya uzito wa mawe na kuziba tanuru.

Na Ulaya? Ulaya watu wanachoma nyama nje Jumamosi wakati wa jua. Kwa nyama hiyo ya Jumamosi wana norme, EN 1860-2. Inasema vipande vilivyo chini ya milimita 10 visizidi asilimia 7 ya uzito. Inasema angalau asilimia 80 viwe vikubwa kuliko milimita 20. Inasema majivu yasizidi asilimia 8. Sisi tunapika kwa makala siku 365, tunachemsha nayo maji ya mtoto mchanga, na fungu letu halina hata mstari mmoja ulioandikwa ukutani sokoni.

Tulijaribu sisi wenyewe, kwa vitu tulivyonavyo. Tulinunua saki moja, tukaazima mzani wa muuza samaki, tukatengeneza chekecheke kwa waya wenye matundu ya milimita 10. Vumbi lililopita chini lilijaza ndoo ya lita 10 na bado likabaki jingine kwenye sheeting. Saki moja si utafiti, tunajua, na hatutaki mtu aichukue kama takwimu. Lakini ilituchukua chini ya saa moja. Saa moja, chekecheke na mzani wa samaki! Tangu siku hiyo hatukubali tena mtu atuambie kwamba kupima ni mambo ya pesa nyingi.

Na si kwamba mkoa wetu hauna wataalamu. Yangambi iko karibu kilomita 100 kutoka hapa ukishuka mto. Wabelgiji waliweka pale INEAC mwaka 1933, leo ni INERA. Miaka hii ya karibuni, kwa pesa ya Umoja wa Ulaya, imewekwa pale labo ya biolojia ya miti ambamo wanaangalia pete za miti na muundo wa mbao. Hapa mjini tuna UNIKIS na tuna IFA. Kati ya mwaka 2009 na 2013 mradi mzima, ulioitwa kweli Makala, ulichunguza kuni na makala za Kinshasa na Kisangani. Watu walihesabu, waliandika, walipanda miti. Elimu ile iko. Ila imelala kwa Kifaransa ndani ya PDF, wakati mama wa soko la Mangobo anasoma kwa sikio lake. Na sisi tuliosoma hicho Kifaransa tumekaa kwenye kiti cha plastiki tunachaji simu kwa jirani.

Hapa tunataka tueleweke vizuri, kwa sababu tumeona maoni ya wengine. Hatusemi mchoma makala ni mwizi. Yule mtu wa PK 40 anayelala siku kadhaa pembeni ya tanuru akilinda lisifunguke na kuwa majivu, hakuna anayemlipa zaidi akichoma polepole. Saki yake nzuri na saki ya jirani yake mbovu zinapewa bei moja. Kwa nini ajitese? Ungemlipa kwa kilo, na vumbi litolewe kwenye hesabu, angekausha mti kwanza bila kuambiwa na mtu. Wala hatusemi mama muuzaji anadanganya. Yeye ndiye anayekula hasara ya wote.

Tunachoogopa ni kitu kingine, na tunakisema wazi. Katika nchi hii neno «kontrole» lina harufu. Ukisema leo kwamba makala yapimwe, kesho kuna kizuizi kipya barabara ya Buta, kamba imefungwa kati ya miti miwili, kijana na kalamu anadai taksi ya ubora. Mchoma makala atalipa, hatapewa kipimo, atapewa karatasi yenye muhuri. Na pesa hiyo itapanda juu ya fungu ambalo mama yako atanunua jioni. Tukiambiwa tuchague kati ya vumbi na kizuizi, tutabaki na vumbi. Kwa hiyo ombi letu halihusu cheti, wala vinyeti, wala ofisi mpya.

Tunaomba UNIKIS, IFA na watu wa Yangambi wachukue saki kutoka kila barabara inayolisha mji, wazinunue sokoni bila kumwambia mtu, kama mnunuzi yeyote. Wazipime: uzito, unyevu, vumbi chini ya milimita 10, na kilichobaki baada ya kuangusha. Wafanye wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa sababu makala yaliyonyeshewa ni mazito na mzani nao unaweza kudanganywa. Majibu yasomwe redioni kwa Kiswahili na Lingala, na jina la barabara, si jina la mtu. Kazi ya kupima wapewe vijana waliomaliza masomo, walipwe, hata kama ni kwa miezi mitatu. Mairie iweke mzani mmoja wa bure katika kila soko kubwa, pale ambapo mama na mnunuzi wanaweza kuufikia wote wawili bila kuomba ruhusa. Na OCC, ambayo kazi yake ni ubora wa vitu vinavyouzwa, ituambie hadharani ni vumbi kiasi gani linakubalika ndani ya saki. Namba moja tu inatosha, na isiwe na taksi nyuma yake.

Kuna mtu ametuandikia: mkipima nguvu ya makala mnahalalisha kukata msitu, pigeni kelele kuhusu gesi na barrage. Tunapiga hizo kelele pia, mnatujua. Lakini kelele hazijachemsha maji. Mpaka siku mashine mpya itakapozunguka pale Tshopo, msitu utakatwa, na tofauti kati ya saki nzima na saki ya vumbi ni miti ya kweli, ile ambayo watu wa Yangambi wanaijua kwa majina. Kule Mampu, upande wa Kinshasa, walipanda karibu hekta 8.000 za akasia ili zichomwe makala. Hata mti uliopandwa kwa ajili ya moto ni hasara ukiishia kwenye mtaro.

Jumamosi hii tutakuwa soko kuu kuanzia saa mbili asubuhi, upande wa wauza makala, na mzani, chekecheke na kipande cha bamba la chuma tulichopewa na fundi soudeur wa Kabondo. Leteni saki au fungu lenu, la barabara yoyote. Tutapima mbele yenu, tutaandika barabara na namba kwenye ubao, na vumbi tutawarudishia. Ambaye anajua kutengeneza makala ya vumbi yasiyovunjika, aje na yake pia. Tuna maswali mengi ya kumwuliza, na tungali na mihogo.